Sura ya Saba: Mbili Ikirudishwa, Anaokota Nani?

Tuseme ni saa tisa alasiri, Dabani, mwendo mfupi tu kutoka mpakani Busia. Abiria wamekauka. Pikipiki zimeegeshwa chini ya mwembe, na juu ya kreti la soda lililopinduliwa pamewekwa kipande cha kadibodi cha kuchezea karata. Wako wanne. Mwendesha boda boda ndiye mwenye karata, na kingo zake zimelainika kama noti ya zamani. Kushoto kwake ameketi mama muuza samaki aliyevuka asubuhi kutoka upande wa Kenya, kisha fundi wa pancha, kisha kijana aliyefunga shule. Mwendesha boda boda anashusha mbili ya kopa.

"Okota mbili, mama."

Mama haokoti. Anachomoa kingi ya kopa, anaibamiza juu ya ile mbili hadi kadibodi inaruka. "Zirudi kwako, mulamwa."

Kelele zinazozuka hapo ndizo somo la sura hii.

Mwendesha boda boda anasema kingi haina kazi yoyote duniani isipokuwa kumjazia mtu pointi. Kwa upande wake hasemi uongo. Yeye amekulia kwenye matatu, mchezo ambao Waganda huujua kuanzia vibarazani hadi mabweni ya shule, na katika matatu kingi ni mzigo wa pointi 13, basi. Mama naye amekulia kwenye kadi, ule mchezo ambao Wakenya wengine huuita poka ingawa hauhusiani hata kidogo na poka ya Wamarekani, na katika kadi kingi hugeuza mwelekeo wa mchezo. Karata ni ileile, imechapwa kiwandani kwa mfalme yuleyule mwenye ndevu. Aliyeishika kutoka Uganda anaona kuni, na aliyeishika kutoka Kenya anaona rungu.

Hata jina lenyewe lina mtego. Mganda akisema "tucheze matatu", Mkenya anafikiria basi dogo la abiria, lile ambalo Mganda huliita teksi. Na kama ungewapeleka wote wawili Ujerumani wangekuta mchezo wa ukoo huohuo unaitwa Mau-Mau, jina ambalo hakuna mzee wa Nyeri ambaye angekubali kulisikia likitajwa kwenye meza ya karata.

Ukoo wenyewe ni mmoja. Unashusha karata inayolingana na iliyo juu, kwa namba au kwa aina, na anayemaliza za mkononi kwanza ameshinda. Watanzania wana wao, wengi wakiuita lasti kadi. Tofauti zinaanzia kwenye karata zenye madaraka. Kwenye matatu kila mtu hugawiwa saba. Mbili humwokotesha anayefuata karata mbili, nane na jeki humrusha, eisi hubadilisha aina, na saba ya aina iliyochaguliwa mwanzoni inaweza kuukata mchezo pale pale, kila mtu ahesabiwe pointi alizobaki nazo. Kwenye kadi kwa kawaida hugawiwa nne. Mbili huokotesha mbili, tatu huokotesha tatu, na joka huokotesha tano (ndiyo, Waswahili wameifanya joker kuwa joka, na mtu aliyeangushiwa mawili mfululizo haoni kosa la tahajia). Nane na kwini ni maswali, lazima yajibiwe. Jeki huruka. Kingi hurudisha. Eisi huzuia adhabu au hubadilisha aina. Na kabla ya kumaliza ni lazima utangaze "niko kadi", la sivyo ushindi wako haupo.

Ona basi hali ilivyo pale kwenye kreti. Mama angeweka tatu ya kopa juu ya ile mbili, angedhani ameisukuma adhabu kwa fundi. Mwendesha boda boda angeona tatu ya kawaida kabisa, karata isiyo na meno, na bado angemdai mama aokote mbili zake.

Sasa tuiweke kando tofauti ya nchi. Tuseme wote wanne wamekubaliana kucheza kadi ya Kenya, na kingi inageuza mwelekeo. Je, ugomvi umekwisha? Haujakwisha. Umefika mahali pake hasa.

Kingi hugeuza mwelekeo wa zamu. Hilo kila mchezaji wa kadi analijua. Lakini je, inageuza na adhabu iliyokwisha kutolewa? Hapa hata Wakenya wawili wa mtaa mmoja hawapatani. Niliwahi kucheza meza ambapo jibu lilikuwa ndiyo, nikahamia nyingine, hatua mia hivi kutoka ile ya kwanza, nikaambiwa mimi ni mwizi.

Swali lote limejificha katika neno moja: anayefuata. Mbili inasema anayefuata aokote. Anayefuata lini? Kuna njia mbili za kulisoma neno hilo. Ya kwanza inasema mbili ilipogusa kadibodi, wakati uleule, ilimpata mtu: anayefuata ni mama, ameitwa, amekwisha kuandikwa. Ya pili inasema mbili haikumwita mtu, imeita kiti. Adhabu inaning'inia hewani mpaka pale mtu atakaponyoosha mkono kuokota, na ndipo tunaangalia nani anafuata. Kama katikati hapo mwelekeo umegeuzwa, anayefuata ni mwendesha boda boda mwenyewe.

Mama anacheza kwa usomaji wa pili. Ni usomaji wa akili sana, na una ufa.

Ufa unaonekana wachezaji wakiwa wawili. Fundi na kijana waondoke, wabaki mama na mwendesha boda boda. Kwa desturi ya meza nyingi za kadi, watu wakiwa wawili kingi humrudishia zamu yuleyule aliyeiweka, kwani mwelekeo umegonga ukuta na kurudi. Basi mwendesha boda boda anaweka mbili, mama anaweka kingi, zamu inamrudia mama. Kama adhabu inafuata kiti cha zamu, mama amejirudishia mwenyewe! Kwa watu wanne kingi ni ngao, kwa watu wawili karata ileile ni kitanzi, na hakuna mtu aliyebadilisha kanuni hata moja. Wanaoitetea kingi hujibu haraka kwamba "kurudisha" maana yake ni kumrudishia aliyetuma, haidhuru mko wangapi. Sawa. Lakini wakisema hivyo wamekwisha kuhama hoja. Hawazungumzii tena mwelekeo, wamebuni karata mpya yenye uwezo wa kurudisha adhabu kwa mwenyewe, na uwezo huo unahitaji kukubaliwa peke yake.

Jeki nayo ina kisa chake. Mtu akiwekewa mbili akajibu kwa jeki ya aina ileile, kuna watakaosema adhabu imeruka: imempita aliye kando yake, imemwangukia wa tatu. Kwa meza yetu, mama angeweka jeki, fundi angepona, na kijana wa shule aliyekuwa akipanga karata zake kwa utulivu angeokota mbili zisizomhusu. Sijapata kuona meza inayoruhusu jambo hilo kwa zaidi ya mchezo mmoja. Kijana hukataa, na kijana ana haki.

Kuna mchezo mmoja duniani ambao umelitafuna swali hili mpaka likaisha ladha. Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield na kuanza kuuzwa mwaka 1993, ni mchezo wa karata za kukusanya: unanunua pakiti bila kujua kilichomo, unabadilishana na wenzako, unajitengenezea fungu lako. Kila karata ina maandishi yake mwilini. Kitabu kikuu cha kanuni kina zaidi ya kurasa 200, na mashindano yana waamuzi waliofanya mitihani. Mwaka 1999 kampuni ya Kimarekani inayouchapisha ilitoa karata iitwayo Misdirection, na kazi yake ni moja tu, kubadilisha shabaha ya uchawi wa mwingine. Ni kingi ya mama yetu, ila imeandikwa kwa wino.

Wamarekani hao walipoiandika ilibidi wajibu maswali ambayo pale Dabani hujibiwa kwa kupandisha sauti. Uchawi wa kugeuzwa ni upi? Ule wenye shabaha moja iliyotajwa. Uchawi unaowapiga watu wote kwa pamoja haugeuziki, kwa kuwa haukumchagua mtu. Ugeuziwe wapi? Kwa yeyote ambaye ungeweza kihalali kumlenga tangu mwanzo, na asipokuwepo mwingine unabaki ulipokuwa. Na baada ya kugeuzwa ni wa nani? Bado ni wa yule aliyeutoa. Jibu hili la tatu ndilo lililonifurahisha zaidi. Mtu akirusha jiwe, upepo ukalipindisha, jiwe halijawa la upepo.

Wachezaji wakagundua upesi kwamba kinachogeuzika si adhabu tu. Katika toleo la kwanza kabisa la 1993 kulikuwa na karata iitwayo Ancestral Recall, inayompa mchezaji mmoja aliyetajwa karata tatu kwa gharama ndogo mno. Ni zawadi, na kila mtu hujitaja mwenyewe. Mpinzani mwenye Misdirection huigeuza ile zawadi ikaingia mfukoni mwake. Kadi na matatu hazina zawadi, zina adhabu tu, na pengine ndiyo sababu sisi swali hili tumelijua upande mmoja: kila anayegeuza anakimbia, hakuna anayegeuza ili apate.

Mwaka huohuo wa 1999 mchezo huo ulipanga upya jinsi karata zinavyojibizana: zinapangwa kama sahani, iliyowekwa mwisho juu ndiyo inayoondolewa na kufanya kazi kwanza. Mchezaji wa kadi anaielewa hali hiyo bila kufundishwa. Jeki juu ya jeki, ya juu huiua ya chini kabla haijaruka.

Hata wao, pamoja na kurasa zao zote, walijikwaa. Mwaka 2007 waliingiza karata za aina mpya, wapiganaji wanaosimama kando ya mchezaji kama wapambe. Karata za zamani zilizoandikwa "mpige mchezaji" hazikuwajua wapambe hawa. Badala ya kuziandika upya, wakaweka kanuni pembeni: moto uliorushwa kwa mchezaji unaweza kuelekezwa kwa mpambe wake. Kanuni hiyo haikuandikwa kwenye karata yoyote. Mgeni angesoma karata yake neno kwa neno, aielewe vizuri kabisa, na bado akosee. Iliishi miaka kumi na moja. Mwaka 2018 wakaifuta, wakayabadilisha maneno ya karata zenyewe ili kila moja iseme wazi inaweza kumpiga nani.

Sasa rudi Dabani uitazame kingi ya kopa. Imeandikwa nini? Herufi moja pembeni na umbo la moyo. Hakuna sentensi. Kila tunachokijua kuhusu mbili, kingi na eisi kiko nje ya karata, vichwani mwa watu, na vichwa vilifundishwa na kaka tofauti. Karata zenyewe zilitufikia kutoka ng'ambo, na ukitaka ushahidi sikiliza majina ya pwani: karata, kopa, shupaza, pau, turufu, yote ni ya Kireno. Wareno walituachia majina. Kanuni tumezipanga wenyewe, kila kibaraza chake.

Kuna swali la pili ambalo huzaliwa na lile la kwanza. Mama akijibu mbili kwa mbili nyingine, jambo ambalo matatu na kadi zote mbili zinaliruhusu, fundi anaokota ngapi? Mbili, au nne?

Watu huliona kama suala la hesabu. Mimi naliona ni suala la kama adhabu ya kwanza ingali hai. Ukisema mbili, umesema adhabu ya mwendesha boda boda imekufa mikononi mwa mama, na fundi anakabili adhabu mpya, mtoto wa mama. Ukisema nne, umesema ya kwanza haikufa, imesafiri, na mama ameiongezea mzigo. Meza za kulimbikiza ni tamu, mimi ndiko nilikokulia, lakini fanya hesabu uone zinapoelekea. Kwenye kadi, mbili nne ni karata nane, tatu nne ni kumi na mbili, majoka mawili ni kumi. Zikifuatana zote, anayeangukiwa anaokota 30 kutoka fungu la 54. Huyo hachezi tena, anafanya kazi ya ghala.

Ubishi huu ulifika hadi kwa wenye kampuni. Mwaka 1971 kinyozi mmoja wa Reading, Ohio, Merle Robbins, alibishana na mwanawe kuhusu kanuni za mchezo wa ukoo wetu huuhuu, na akaamua kumaliza ubishi kwa kuziandika kanuni juu ya karata zenyewe. Familia ikachanga dola 8,000, wakachapisha pakiti 5,000, akaziuza kinyozini kwake. Hiyo ndiyo UNO, ambayo tangu 1992 ni mali ya Mattel. Mei 2019 UNO ilitangaza kwamba kuweka karata ya kuokotesha juu ya nyingine ili kuisukuma mbele hairuhusiwi: umewekewa nne, okota nne, zamu yako imepita. Dunia ikacheka na kuwakatalia. Watu waliwaambia wenye mchezo kwamba hawaujui mchezo wao. Mwaka 2023 kampuni hiyohiyo ikatoa pakiti yenye kanuni kali zaidi, na humo kulimbikiza kunaruhusiwa. Meza ilishinda kiwanda.

Huku kwetu kiwanda hakipo. Kilichokaribia ni simu. Kola Studios ya Kampala ilipoitia matatu kwenye programu ya simu, ilibidi mtu fulani aketi aamue kila jambo, kwa sababu mashine haijui kubisha. Ukigusa karata isiyokubalika, haishuki, na hakuna wa kumpandishia sauti. Vijana waliojifunzia humo huja kibarazani na msimamo wa ajabu: wanaamini kanuni ni kitu kimoja, na kwamba kipo mahali fulani.

Mpaka wenyewe unajua kwamba hakipo. Mwaka 1902 Waingereza walimega sehemu ya mashariki ya Uganda wakaitia katika himaya yao nyingine, na Wasamia wakabaki wamelala pande mbili za mstari, shangazi huku, mjomba kule. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa hapa Busia na Malaba, kwa waendesha baiskeli waliowavusha watu na mizigo kutoka kituo cha mpaka hadi cha pili. Kwa miaka mingi msafiri alisimamishwa mara mbili, akikaguliwa kwa sheria za anakotoka, kisha kwa za anakokwenda. Februari 2018 marais Kenyatta na Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, na tangu hapo unakaguliwa mara moja, katika nchi unayoingia. Maofisa wa nchi zote mbili wanaketi chini ya paa moja, na kila mmoja anajua sheria yake inaishia kwenye dawati lipi. Nimewahi kusikia wachezaji wakilitumia jambo hilo kama hoja: umevuka, umeketi kwenye kreti letu, utacheza kwa sheria ya kreti. Hoja si mbaya. Ila inamaliza ubishi kati ya matatu na kadi tu, haigusi ule ubishi wa ndani ya kadi.

Kwa huo wa ndani nitatoa hukumu yangu, nikijua nitalaumiwa Busia zote mbili.

Angalia ni nani anayeruhusiwa kujibu mbili. Mwendesha boda boda akishusha mbili, fundi hawezi kurukia na eisi yake kumwokoa mama, na kijana hawezi kuongeza tatu kutoka ng'ambo ya kreti. Mama peke yake ndiye mwenye haki ya kujibu, na sijawahi kuona meza, iwe ya matatu au ya kadi, inayokataa hilo. Kama adhabu ingekuwa inaning'inia hewani ikisubiri kiti, haki ya kujibu nayo ingekuwa hewani. Haiko hewani. Ni ya mama, kwa kuwa ni yeye aliyeitwa, na ameitwa tangu mbili ilipotua. Kugeuza mwelekeo wa zamu baada ya hapo ni kama kugeuza pikipiki baada ya abiria kushuka.

Eisi huua adhabu, hilo limekubalika. Mbili, tatu au joka huzaa adhabu nyingine kwa jirani, hilo nalo limekubalika. Kingi haiui wala haizai. Anayetaka iwe na uwezo wa kurudisha aseme kabla karata hazijagawiwa, na wenzake wakubali, kisha aseme pia itakuwaje wakibaki wawili, na kama anayerudishiwa anaweza kurudisha tena kwa kingi yake. Ni maneno ya nusu dakika. Asiyesema kabla, hana dai baada.

Pale kwenye kreti hakuna aliyesema. Mama airudishe kingi mkononi, aokote mbili, na zamu ni ya fundi.